Majani Mabichi na Ndimu: Historia ya Mlo Mwepesi wa Pwani

Mlo wa haraka wa pwani ya Afrika Mashariki umesimama juu ya vitu vichache: samaki aliyetoka baharini siku hiyo au fungu la mboga za majani, tui la nazi, kitu kichachu kama ndimu au embe bichi, na majani yenye harufu yanayotiwa chungu kikiwa karibu kuepuliwa. Mpishi anayeijua kazi yake huumaliza kabla wali uliopaliwa haujakauka. Umri wa mlo huu ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, ila sehemu yake moja imeandikwa kidogo mno. Karafuu, pilipili manga, mdalasini na hiliki zimejaa katika vitabu vya historia kwa sababu zilikaushwa, zikatiwa magunia, zikapita forodhani na kutozwa ushuru. Jani bichi halikupita forodhani. Lilikatwa asubuhi likaliwa mchana, na aliyelipanda, mara nyingi mwanamke wa nyumba hiyo hiyo, hakuwa na sababu ya kuliandikia hati. Habari zake zinapatikana vipande vipande, na inafaa vikusanywe, maana bila vipande hivyo jiko la pwani linaonekana kana kwamba liliundwa na wafanyabiashara peke yao.

Akiolojia inasaidia kwa kiasi. Punje ya nafaka ikiungua motoni hugeuka mkaa unaoweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 1,000. Jani likiungua huwa majivu. Ndiyo maana uchimbaji uliofanywa kisiwani Pemba umeeleza mengi juu ya nafaka na machache juu ya mboga. Watu wa Tumbe, mji uliostawi kati ya karne ya 7 na ya 10, walitegemea zaidi uwele, na katika mji wa baadaye wa Chwaka mpunga ukashika nafasi kubwa. Mazao ya Asia kama mpunga na choroko yamekutwa pia katika tabaka za kale za Unguja Ukuu, kwa kiasi kidogo. Kitoweo kilichofuatana na nafaka hiyo kinajulikana kwa mifupa ya samaki na magamba ya chaza. Majani yaliyotiwa humo hayakuacha alama, na kutoacha alama si ushahidi kwamba hayakuwepo.

Wageni walioandika walichokiona wanajaza sehemu ya pengo hilo. Al-Mas'udi wa Baghdad, aliyefika pwani hii mnamo mwaka 916, aliandika kwamba Wazanji, yaani watu wa pwani hiyo, walikula mtama, ndizi, nazi, asali, nyama na aina ya kiazi kinachochimbwa ardhini. Zaidi ya miaka 400 baadaye alipita Ibn Battuta wa Tangier, na yeye alikuwa na jicho la mtu anayependa chakula. Mwaka 1331 alikaa Mogadishu siku tatu akiletewa mlo mara tatu kwa siku. Wali uliopikwa kwa samli ulipakuliwa katika sinia kubwa la mti, juu yake pamewekwa kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na chombo kingine cha maziwa ya mgando yaliyoambatana na malimau ya chumvi, vishada vya pilipili vilivyolowekwa kwenye siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Kila tonge la wali lilifuatwa na kipande cha vitu hivyo vichachu. Mtu wa Lamu au wa Unguja anayekula pilau kwa achari na kachumbari anautambua utaratibu huo papo hapo: wanga uliotulia, halafu kitu kikali na kibichi cha kuuamsha ulimi. Pilipili aliyoiona Ibn Battuta haikuwa pilipili ya leo ya kuwasha, kwa kuwa mmea huo ulikuwa bado uko Amerika. Huko Mombasa alikuta watu wakila hasa ndizi na samaki, na akataja malimau ya kisiwa hicho. Nafaka ililetwa kutoka nje.

Wareno nao waliacha maandishi yenye thamani kuhusu vitu vibichi, ingawa walikuja na nia nyingine. Meli za Vasco da Gama zilifika Mombasa Aprili 1498 zikiwa na mabaharia waliovimba fizi na miguu kwa kiseyeye. Sultani wa mji aliwapelekea kondoo, machungwa na malimau kwa wingi, na miwa. Mwandishi wa safari hiyo alirekodi kwamba wagonjwa wote walipata nafuu hapo, akaisifu hewa nzuri ya mji. Msomaji wa leo, anayejua kwamba kiseyeye huletwa na upungufu wa vitamini C, atayatazama machungwa na malimau kabla ya hewa. Walipopita tena Malindi Januari 1499, wakirudi kutoka India katika hali mbaya zaidi, nahodha alimtuma mtu nchi kavu akatafute machungwa kwa sababu wagonjwa waliyatamani mno. Kwa baadhi yao yalichelewa.

Ushahidi wa karibu zaidi juu ya majani yenyewe unatoka Kilwa. Hans Mayr, Mjerumani aliyesafiri na kikosi cha Francisco de Almeida, aliandika yaliyotokea Julai 1505, mji ulipotekwa na kuporwa. Katikati ya habari za ngawira alipata nafasi ya kutaja bustani za mji: machungwa matamu, malimau, vitunguu vidogo na majani ya kunukia, vyote vikimwagiliwa maji ya visima. Aliona pia tambuu, ambayo hupandwa kwa kusimikiwa vijiti vya kutambalia. Maneno hayo machache yanaeleza mfumo mzima. Ardhi ya visiwa vya matumbawe haihifadhi maji, na kati ya masika na vuli jua hukausha kila kitu chenye mizizi mifupi. Mtama unaweza kuachwa shambani ungoje mvua. Jani la kunukia linahitaji ndoo ya maji kila jioni, kwa hiyo lilikaa penye kisima, na kisima kilikuwa karibu na nyumba. Bustani ya kisimani ndiyo iliyokiwezesha chungu kupata kitu kibichi hata wakati wa kiangazi, na kazi ya kuteka maji hayo ilikuwa kazi ya wanawake na watumwa.

Si kila jani la bustani hiyo liliishia chunguni. Rihani, ambayo Kurani inaitaja katika Surat Ar-Rahman na Surat Al-Waqi'a, imeheshimiwa pwani kwa harufu kuliko kwa ladha. Ndiyo inayofungwa pamoja na asumini na mkadi kutengeneza kikuba, kishada anachokivaa mwanamke nyakati za harusi na sikukuu. Ndugu yake, kivumbasi, hupandwa kando ya nyumba ili kufukuza mbu, na majani yake huchemshwa kuwa dawa. Ugawaji huu ulikuwa wa makusudi: yako majani ya mwili, yako ya mgonjwa, na yako ya sufuria. Mgeni anayeshangaa kuona rihani imejaa uani na haimo katika mchuzi anasahau kwamba mmea uliokwisha kupewa kazi ya heshima haupelekwi jikoni kirahisi.

Karne ya 16 na zile zilizofuata zilileta mimea ya Amerika: pilipili ya kuwasha, mahindi, muhogo, viazi vitamu, mananasi, na baadaye nyanya. Nyanya ilichelewa kuenea, na ni vizuri kulikumbuka hilo, kwa kuwa leo ni vigumu kuuwaza mchuzi usiokuwa nayo. Kabla yake uchachu ulitoka kwa ndimu, ukwaju, embe bichi na siki. Pilipili ilipokelewa upesi zaidi. Inaota bila kubembelezwa, mti mmoja unaitosha nyumba nzima, na maskini akawa na kitu kikali pasipo kununua pilipili manga iliyovuka bahari.

Mabadiliko makubwa yalikuja na mashamba ya mikarafuu. Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja, jambo ambalo kwa kawaida huwekwa mwaka 1840, na katika miongo michache Unguja na Pemba zikawa wauzaji wakuu wa karafuu duniani. Mashamba hayo yalifanyiwa kazi na watumwa walioletwa kutoka bara. Kwa desturi iliyoenea visiwani, mtumwa wa shamba alikuwa na Alhamisi na Ijumaa kwa ajili yake, na alipewa kipande cha ardhi alime muhogo wake. Muhogo ulimpa vyakula viwili kwa mmea mmoja, mizizi chini na kisamvu juu. Pembeni mwa mashimo ya muhogo uliota mchicha, ambao mvua ya kwanza huuleta hata pasipo mtu kuupanda.

Mboga hizi mbili zinafundisha jambo kuhusu muda. Kisamvu kibichi kina viambata vinavyotoa sumu ya sianidi, kwa hiyo lazima kitwangwe kinuni na kuchemshwa kwa muda mrefu kabla ya kutiwa nazi. Ni chakula cha siku ya mapumziko, au cha nyumba yenye mikono mingi. Mchicha hauhitaji hayo. Huchambuliwa, huoshwa mara mbili au tatu mpaka mchanga uishe, hukatwa, hukaangwa kidogo na kitunguu, hutiwa tui, na baada ya dakika chache huepuliwa ukiwa bado na rangi yake. Mtu aliyerudi shambani jua likizama aliweza kuupika na kula kabla ya kulala. Ndiyo sababu mchicha, na si kisamvu, umekuwa mlo wa haraka wa watu wasio na nafasi, tangu enzi za utumwa uliofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897 mpaka enzi za wafanyakazi wa mjini. Upishi wa namna hiyo una faida ambayo wapishi waliifikia kwa ulimi kabla ya maabara: moto mfupi huokoa vitamini C nyingi zaidi, na mafuta ya nazi husaidia mwili kufyonza karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Desturi ya kutia magadi ili mboga iive upesi na ibaki kijani inafanya kinyume, kwani magadi huharibu vitamini C. Wapishi wengi wa zamani waliyaacha magadi kwa vyakula vigumu kama kunde na makande.

Jani linalotajwa kwanza leo mtu akiulizwa kuhusu majani ya kunukia ni kotmiri, ambayo Wakenya huiita dania, nayo ndiyo majani ya giligilani. Mmea huu ni wa zamani sana duniani. Mbegu zake zilikutwa katika kaburi la Tutankhamun, Farao aliyezikwa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Mbegu kavu ilifika pwani pamoja na viungo vingine, lakini mazoea ya kulitumia jani bichi kila siku yalistawishwa zaidi na familia za Wahindi. Wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat walikuwa wakija na pepo za kaskazi karne nyingi. Katika karne ya 19 walianza kuhamia na wake zao na watoto, na familia ikihamia huhamia na bustani yake. Ujenzi wa reli ya Uganda, kati ya 1896 na 1901, ulileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India ya Waingereza. Karibu 7,000 kati yao walibaki. Maduka yaliyofuata reli kutoka Mombasa hadi Kisumu yalipeleka bizari na dengu bara, na nyuma ya maduka hayo mara nyingi palikuwa na tuta la dania.

Kotmiri ina tabia iliyoamua mahali pake katika historia. Katika joto la pwani huwahi kutoa maua, na ikishatoa maua majani yake hupungua na kuwa membamba. Mkulima wa pwani hana budi kusia mbegu kidogo kidogo, baada ya kuzipasua ili ziote vizuri, na kuvuna mapema. Milimani hukaa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kadiri barabara zilivyoboreka, Lushoto na Arusha upande wa Tanzania, na Kiambu na Limuru upande wa Kenya, zilichukua kazi ya kuwalisha watu wa mijini kotmiri, karoti na vitunguu. Kilichokuwa cha uani kikawa cha sokoni, na soko nalo likajengewa nyumba: Darajani, Unguja, mwaka 1904, na Kariakoo, Dar es Salaam, katika jengo lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Moto wa Julai 2021 uliliunguza vibaya jengo hilo la Kariakoo, na wauzaji wa mboga wakatawanyika.

Harufu ya kotmiri inatokana na mafuta mepesi yanayopaa kwa joto, na mpangilio mzima wa mchuzi wa samaki wa nazi umejengwa kulitii hilo. Samaki hukatwa vipande, hupakwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, na kuachwa kidogo. Nazi hukunwa kwenye mbuzi na kukamuliwa mara mbili kwa kifumbu: tui zito huwekwa kando, tui jepesi hutangulia chunguni pamoja na kitunguu, nyanya na bizari ya manjano. Likichemka samaki hutiwa. Nyama yake ikianza kuachana na mfupa, tui zito humiminwa, na kuanzia hapo mchuzi hukorogwa taratibu bila kuachwa, la sivyo tui hukatika. Chungu kikishateremshwa ndipo ndimu hukamuliwa na kotmiri iliyokatwakatwa hunyunyizwa, kikafunikwa dakika moja tu. Ukiondoa kazi ya kukuna nazi, yote hayo hayazidi nusu saa. Anayetia kotmiri mwanzoni hupata rangi na kukosa harufu.

Kachumbari ilifuata njia hiyo hiyo kutoka Bara Hindi, na hakuna chakula kibichi kilichoenea zaidi yake katika Afrika Mashariki. Vitunguu hukatwa vipande vyembamba, hufikichwa kwa chumvi na kusuuzwa mpaka ukali upungue, halafu huchanganywa na nyanya, pilipili, ndimu na majani ya kotmiri. Unguja huwekwa kando ya pilau na biriani. Nairobi na Arusha haikosekani penye nyama choma. Kwa wapenda nyama wa bara ndiyo mara nyingi mboga pekee inayoliwa mbichi, na kwa hiyo faida yake kwa afya ni kubwa kuliko ukubwa wa kibakuli chake.

Safari za Waswahili kuelekea bara zilibeba bustani pia. Sidney Hinde, daktari wa Kiingereza aliyekuwa katika jeshi la Kongo lililoiteka Kasongo mwaka 1893, alieleza ghala zilizojaa mpunga na mahindi, na bustani zenye machungwa matamu na machungu, mapera, makomamanga, mananasi, maembe na ndizi. Mji huo wa Maniema ulikuwa umejengwa na watu wa mfanyabiashara Tippu Tip na wenzake, kwa biashara ya pembe na watumwa, na mateso yaliyoujenga hayawezi kutenganishwa na bustani zake. Lakini mazao yalibaki baada ya wafanyabiashara kuondoka. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo kisamvu ni sombe na mchicha ni lengalenga, na vyote viwili viko mezani karibu kila siku.

Enzi ya ukoloni haikuzitendea haki mboga za kienyeji. Mashamba ya majaribio na masomo ya kilimo yalisisitiza mazao ya kuuza, na mboga zilizofundishwa zilikuwa kabichi, karoti na jamii ya sukuma wiki. Mgagani, mnavu na majani ya kunde vilibaki mikononi mwa wanawake vijijini, na kwa waliosoma vikaanza kuonekana kama chakula cha njaa. Hata hivyo shida ilipokuja, watu walijua pa kurudi. Japani ilipoiteka Burma mwaka 1942, Unguja ilipoteza chanzo kikubwa cha mchele wake, na muhogo na majani vikarudi kwenye sinia za mjini. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya kupanda kwa bei ya mafuta na gharama za Vita vya Kagera, mishahara ya Dar es Salaam haikutosha tena, na wafanyakazi wa serikali wakalima mchicha nyuma ya nyumba zao na katika bonde la Msimbazi. Waliuchagua kwa hesabu nyepesi: kutoka mbegu mpaka fungu la kuuza ni majuma matatu hadi manne. Ubaya ni kwamba bonde hilo hupokea maji machafu ya viwanda na makazi, na usafi wa mboga zake umekuwa hoja tangu hapo.

Mchaichai una historia fupi zaidi, kwa kuwa ulipata kazi yake kuu baada ya chai kuwa kinywaji cha watu wote katika karne ya 20. Shina moja huzaa kichaka, halihitaji matunzo, na vipande viwili vya majani hutosha birika zima. Nyumba nyingi za Tanga na Unguja huuchemsha peke yake, bila majani ya chai, hasa kwa wagonjwa na watoto.

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, na zaidi baada ya mwaka 1970, maelfu ya Wazanzibari wenye asili ya Oman walihamia Maskati na miji mingine ya huko. Walikuta ndimu, kotmiri na rihani tayari zipo, ila nazi haikuwa ya kila mahali isipokuwa kusini, Salalah. Tui la kopo na la unga likawa la lazima, na mchuzi wa nazi ukaendelea kupikwa Ghuba na watu ambao wajukuu wao hawajawahi kukuna nazi.

Kurudi kwa mboga za kienyeji katika heshima yake ni kazi ya miongo mitatu iliyopita. Kituo cha utafiti wa mboga kilichofunguliwa Arusha mwaka 1992, tawi la taasisi ya kimataifa yenye makao yake Taiwan, kilikusanya mbegu za mchicha, mnavu, mgagani na nyinginezo na kutoa aina bora kwa wakulima. Nchini Kenya, Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia alizitetea mboga hizi kwa takwimu za virutubisho wakati ambapo wengi waliziona magugu, na mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunuku tuzo ya sayansi. Katika kipindi hicho hicho mashamba ya Kenya yalianza kukuza rihani, nanaa na kotmiri kwa ajili ya maduka ya Ulaya, zikisafirishwa kwa ndege kutoka Nairobi. Desemba 2021 UNESCO iliuingiza mradi wa Kenya wa kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya kulinda urithi. Mradi huo ulikuwa umeorodhesha vyakula pamoja na jamii zilizovitunza, ukianza na mboga za majani, ukiwashirikisha watoto wa shule waliotumwa kuwauliza bibi zao majina ya mimea, mahali inapoota na namna ya kuipika.